Mkono wa Mama Umepona

Khalati Mwanarehema, shikamoo.

Hili sijamwambia mtu: mkono wa mama umepona. Tangu apasuliwe ule wa kulia kwa sababu ya ganzi ya vidole, namlisha mimi, kwani kwa kushoto hatuli. Jana nilirudi mapema kutoka dukani nikamkuta ameketi juu ya mbuzi, akikuna nazi kwa mkono uleule, akijiimbia.

Wakati wa chakula akafumbua kinywa. "Bado ganzi, mwanangu. Chuo kitakungoja."

Hakingoji, usajili unafungwa Ijumaa. Ningalisema, ningalimwaibisha. Nikamtia tonge kubwa, apate kunyamaza.

Kile chumba ulichonitengea huko Malindi, mpe mwengine. Dada yako akikupigia simu, mpe pole ya mkono. Tafadhali, asijue kuwa najua.

Mwanao,
Zuleikha, Timbwani