Mgongo Ulionizuia Kukuosha

Mamangu mpenzi,

Nimepasuliwa mgongo. Ungekuwapo ungeshika tama. Nilitoka asubuhi, na alasiri ikanikuta kitandani mwangu hapa Mji wa Kale, bandeji kiunoni. Ile diski ya uti wa mgongo iliyochomoka ikabana mshipa wa mguu, daktari ameipunguza kwa tundu dogo tu. "Leo utalala kwako," akaniambia. Tuktuk ikaniacha mwanzo wa kichochoro, kaka akanishika mkono hadi ngazini. Shangazi Esha haamini bado. "Siku hizi watu hupasuliwa mgongo kama wendao kunyoa," asema. Asiyelazwa hospitali hajuliwi hali, basi hakuja mtu. Nikalala nikikufikiria wewe.

Wakumbuka ulivyokuwa ukinikogesha uani, ukijaribu maji kwa kiwiko kwanza? Nilipokuwa mtu mzima ukaniusia, "Nikifa, unioshe wewe. Na maji yawe ya uvuguvugu, baridi siiwezi." Nikacheka, nikakwambia utatuzika sote. Ukanikazia macho. "Sifanyi mzaha, Zuhura." Nikakuahidi.

Siku yako ilipofika, mgongo ulikuwa umeshanigeuka. Mguu wa kushoto wawaka moto, kusimama siwezi, seuze kuinama. Wakaniwekea kiti nje ya pazia. Waliokuosha ni Shangazi Esha na majirani, wanawake wema, sina la kuwalaumu. Nikasikia maji yakimwagika, nikanusa karafuu maiti. Nikauliza, "Maji yana uvuguvugu?" Shangazi akajibu, "Tulia, mwanangu." Hilo si jibu, na mpaka leo sijathubutu kumuuliza tena.

Watu huniambia nia yatosha, Mungu anajua. Anajua, sawa. Lakini nina uchungu, mama, na huu daktari hakuugusa. Wewe hukuniomba mali wala safari ya Maka. Uliniomba jambo moja, la mikono tu, na haki ya mama ni kuoshwa na bintiye.

Wiki zimepita tangu nipasuliwe. Leo daktari ameniruhusu kuinama. Nimejaza ndoo pale pale uani, nikajaribu maji kwa kiwiko, nikainama polepole, nikaosha miguu yangu mwenyewe. Mgongo haukuuma hata kidogo. Kaka akamshukuru Mungu kwa sauti. Mimi nikabaki nimeinama, mkono ndani ya ndoo, mpaka maji yakapoa.

Mungu akulaze pema, mama. Nisamehe kile kiti.

Ni mimi bintiyo, uliyemtaka akuoshe.