Ummu Alikula Kweli

Shoga Mwanamkisi, uko? Ni habari ya dada yangu Ummu.

Mwaka ule wa hamsini na sita ndipo alipowekwa ndani anenepeshwe kabla ya arusi. Uji wa samli asubuhi, wali wa nazi mchana, na bado mifupa yamtoka. Jasho lamtiririka naye amekaa tu.

Mama alishikilia kwamba anakimwaga chakula. "Wampa nani, Ummu? Paka?"

"Wallahi nala chote, mama."

Kila siku jibu hilo hilo, na mama hakuliamini hata mara moja. Mwisho akafunga dirisha, mwana asipate pa kumwagia. Chumba kile, na joto lile! Somo wake, Bi Barka, aliyekuwa akimfunda mambo ya unyumba, ndiye aliyekaa naye, akampepea mpaka mkono ukafa ganzi. Ummu alikufa wiki moja kabla ya arusi.

Leo nimemhadithia mjukuu wangu Kadija, yule daktari. Kisha akasema, "Bibi, ndani ya seli mna mitokondria zinazogeuza chakula kuwa nguvu. Huenda zake zilikuwa na hitilafu. Zachoma chakula chote, lakini nguvu haishikiki, yatoka joto tupu."

Joto tupu, shoga. Kumbe alikula kweli.

Na mama, siku aliyokata roho, miaka mingi iliyopita, alinitazama akasema, "Angekula tu, angeishi."

Nikamshika mkono. Nikamjibu, "Naam, mama."