Mgema Mpira Anayesubiri Glavu Zishuke Bei

Bi Rosmala mpendwa, naomba unisaidie maana sijui nishike lipi niache lipi. Mimi Yuliarti na mume wangu Zulhendri tunagema mpira hapa Muara Bungo, na kikundi chetu cha wagema kimenipa mimi kazi ya kununua glavu za kushikia asidi ya kugandishia utomvu, sasa utomvu ukipanda bei tunashangilia, kesho yake naenda dukani nakuta glavu nazo, kwa kuwa zimetengenezwa kwa utomvu huohuo, zimepanda, narudi mikono mitupu, na utomvu ukishuka glavu zinakuwa nafuu lakini hapo hatuna hata hela ya mchele, basi kikundi kinasema, "Subiri, Mama Wulan, zitashuka baada ya Idi," na Idi mbili zimepita nasubiri tu, na mume wangu ndiye mbishi kupita wote, ananiambia, "Utomvu nimeugema mimi, leo ninunue jasho langu mwenyewe? Thubutu!" nami nacheka, naona kama ana haki, ila juzi tukienda harusini vidole vyake vimepasuka vinatoa damu, akashindwa kufunga vifungo vya shati, nikamfungia nikiwa nalia, Bi Rosmala, ninunue sasa nitukanwe au nisubiri?

Yuliarti, Idi mbili! Pole kwa machozi, lakini wewe mnunuzi gani usiyenunua? Mwenye duka hupandisha bei siku hiyohiyo utomvu unapopanda. Kushusha, hushusha akikumbuka. Na glavu si utomvu mtupu, mdogo wangu. Kuna kiwanda, kuna umeme, kuna lori. Mumeo kagema, hakushona glavu.

Kesho mpeleke zahanati kwanza. Kisha nunua jozi tatu tu, kwa wale wanaomimina asidi. Wanaokinga utomvu watangoja zamu yao. Chukua zile nene zinazofika kwenye kiwiko, usidanganyike na nyembamba za hospitali, hizo zitachanika siku ya pili. Na kuanzia sasa siku ya mnada wa utomvu bei ikiwa nzuri, fungu la glavu litoke kabla hamjagawana. Wakikutukana, wakutukane huku wamezivaa.

Zulhendri akikataa, usibishane naye. Simama mbele yake, nyoosha mkono mtupu kuelekea chupa ya asidi. Usiiguse! Nyoosha tu, uone kama atakwambia usubiri bei ishuke.