Sabuni Siku ya Nyati

Mjukuu wangu Cherono,

Huku Molo baridi imezidi, ila viazi vimekubali na nyanya yako ni mzima.

Unauliza nilianzaje kuwinda nyati, miaka ile ya hamsini. Nilianza nikiwa mtu mzima, na nilianza vibaya. Asubuhi ya kwanza nilioga kwa sabuni ya kunukia, nikavaa shati safi kama naenda kanisani. Mzee Tuwei, mfuata nyayo aliyekuwa akinifundisha, akaninusa.

"Wewe leo baki," akasema. "Nyati atasikia hiyo harufu."

Mimi kukaa siwezi. Nikamfuata mpaka msituni. Upepo ukageuka, nyati akanijia mbio. Tuwei akanisukuma kando, pembe ikampata yeye.

Alichechemea maisha yake yote, na hakunilaumu hata siku moja.

Nyanya yako bado ananunua sabuni ile. Nikiinusa, nachukua kofia natoka nje.

Babu yako