Kiapo Juu ya Mémoires Zangu

Bruno, acha kila kitu usome. Na usicheke.

Unakumbuka kile kitabu changu cha Kalemie? Mémoires, kumbukumbu za maisha, za ule administrateur Mubelgiji wa wakati ya ukoloni, jalada gumu jeusi, kingo za dhahabu, kenye ninatembeza ndani ya nguo kama mutoto?

Leo, hapa Bwegera, bantu wameapa juu yake. WAMEAPA, Bruno!

Anastase na mudogo wake Ndayiragije walikuwa karibu kukatana panga juu ya maji ya mashamba ya mupunga. Dada yao, Mama Geneviève, akasema waape juu ya Biblia kama watagawana maji. Yake ilienda na mafuriko. Akaona changu mu mufuko. "Mungu asifiwe, hata muzururaji iko na Neno!"

Nikafungua kinywa. Nikaona panga. Nikafunga.

Wakaweka mikono juu ya muzungu mwenye anajisifu kitabu kizima namna alichapa babu zao fimbo. Takatifu kabisa.

Haikutosha. "Muzee, weye unajua Kifaransa, tusomee mustari." Nikafungua: bwana iko analalamika mupishi ameiba sukari yake. Nikasoma: "Mwenye kumunyima ndugu yake maji, mupunga wake utakuwa majani matupu."

Amina! Anastase akalia, akaenda mwenyewe kufungua mufereji wenye alikuwa amefungia mudogo wake.

Sasa Mama Geneviève anataka pasta ahubiri ule mustari Jumapili. Minye nimesema uko mu Yeremia.

Weye ni katekista: Yeremia hana neno la kufanana na lile? Tafuta mbio. Maji ingali inapita.