Rozi Amefunga Mkebe kwa Majivu

Wifi yangu, Rozi amesoma kitabu kizima cha Kiingereza, mwanzo mpaka mwisho! Mtoto wa darasa la pili! Sasa ndiyo nikusalimu: hujambo? Magoti yako je, na yule ng'ombe aliyekuwa anavimba tumbo? Sisi hapa Parklands tu wazima, ila Julai hii baridi inaingia hata chini ya blanketi.

Kitabu alipewa na yule mama Mhindi ninayemlelea watoto. Kina picha za wanyama wa msitu wa Ulaya wakijiandaa kwa majira ya baridi. Kindi anaficha njugu, sungura anaziba shimo, dubu ananenepa halafu analala miezi bila kula, wala hafi. Kila jioni Rozi anatusomea kitandani, anageuza kwa Kiswahili, na kaka yako, anayeshinda River Road akichapa vitabu vya wenzake, anabaki mdomo wazi.

Basi mtoto naye akaanza kujiandaa. Akaweka karanga kwenye mkebe chini ya kitanda, akaziba matundu ya mlango kwa matambara. Jirani yangu Mama Zipora akanicheka: "Wako amekuwa panya?" Nikamwambia, "Panya wa Kiingereza! Wako anasoma nini?"

Lakini jana kicheko kiliniisha. Nilimkuta anafunga ule mkebe. Akapaka ukingo majivu yaliyokandwa na maji, akagonga kifuniko kwa kiwiko, akasema polepole, "Lala. Nitakuja kukuamsha."

Wifi, unajua ni nani alikuwa anafunga chungu cha mbegu hivyo. Mama yenu alizikwa kabla sijashika mimba ya Rozi, na mtoto hajakanyaga huko nyumbani. Nikamuuliza nani kamfundisha. Akafungua picha ya mwisho, theluji tupu, mashimo yote yamezibwa, akaweka kidole mahali peupe. "Huyu bibi hapa. Anaburuta mguu." Mimi sikuona mtu, ila mguu wa mama yenu naukumbuka.

Leo asubuhi hakuamka. "Rozi! Rozi!" Mikono baridi, pumzi ndogo kama ya kifaranga. Kaka yako, yeye aliyesema mtoto jina la kanisani linamtosha, alipiga magoti akaita jina la marehemu mama yenu: "Kageha." Macho yakafunguka. "Mbona mmechelewa?" akasema, akaomba uji.

Sasa anakula, anasoma, ila ukimwita Rozi hageuki, na jua halijazama ameshaanza kusinzia tena. Naogopa. Wewe shangazi yake ndiye wa kumtamkia jina mbele ya watu, kama ilivyo kwetu. Pandeni treni, mje.

Mwambie baba mkwe mjukuu wake anawashinda makarani. Nisalimie mume wako, na yule nyanya mkunga.

Ni mimi, mke wa kaka yako, Mama Rozi, ambaye sijui sasa mtaniitaje.

Mkebe hatujaugusa. Anasema utaufungua wewe, na siku ameitaja mwenyewe, nasi tunawangoja nyote: Jumamosi ya kwanza ya Agosti.