Pete Iliyogoma Kutoka

Mudende, 3 Machi 2024

Mama mdogo Uwamariya,

Shikamoo. Natumaini magoti yamekuonea huruma wiki hii, na kwamba unafika ziwani bila kumtukana mtu. Sisi tuko wazima, viazi vimetoka vizuri, na mume wangu Sano anakusalimu.

Kipimo cha presha kimefika kwenye gari la Jean de Dieu, katikati ya makopo yake ya maziwa. Kumbe umekitia ndani ya ule mkoba wako wa ngozi wa Karagwe. Nimeunusa, nikakumbuka ulivyokuwa ukinifunga kipimo mkononi utotoni, ukisema unasikiliza kama bado nina hasira. Siku zile zimekwenda wapi?

Nimepima kila asubuhi: kumi na mbili kwa nane, siku zote saba. Basi usinisumbue tena na hospitali. Miezi ni saba na nusu, na mama mkwe anasema nimependeza, mashavu yamejaa. Hata pete ya marehemu mama imegoma kutoka.

Mwanao,
Akaliza

Gisenyi, 7 Machi 2024

Akaliza mwanangu,

Marahaba. Magoti ni yale yale, na sijamtukana mtu tangu Jumatatu. Viazi ulivyonitumia nimevipokea, asante. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unasema ndiyo, ndiyo, halafu unakata. Karatasi utaisoma mara mbili.

Nimeuguza wajawazito miaka thelathini. Presha ya mtu haikai namba moja siku saba. We umeniandikia namba nzuri ulizokuwa ukizisoma kwenye chati yangu ukutani. Bon, umenidanganya, na hiyo pete ndiyo imeniambia.

Sikiliza jambo ambalo sijawahi kukuambia. Kule Karagwe, kabla hatujarudi Rwanda, dada yangu alinitembelea akiwa na mimba yako. Uso, mikono, miguu, vyote vimevimba. Akasema kichwa kinamuuma na anaona vimulimuli mchana. Mimi nilikuwa muuguzi wa mwaka wa kwanza, gauni jeupe, najiona. Nikamcheka. Nikamwambia amenenepa kwa maziwa ya ng'ombe wa mumewe, nikamkaangia ndizi, tukapiga soga mpaka jioni. Kipimo kilikuwa ndani ya mkoba huo huo na sikukitoa. Siku mbili baadaye akashikwa na kifafa cha mimba. We ulitoka mzima. Pete niliitoa mimi, kwa sabuni, alipokwisha kufa.

Bado namwona akicheka, mdomo umejaa ndizi. Kinachoniumiza ni kwamba ile siku ilikuwa nzuri sana.

Kesho Jean de Dieu atakuletea barua hii. Akirudi, nataka uwe ndani ya gari lake. Ukikataa, kaa dakika tano kimya, umeegemea, miguu chini, upime. Ikifika kumi na nne kwa tisa, yaani 140 kwa 90, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kichwa kikiuma, ukiona vimulimuli, au ukiumwa chini ya mbavu, usipime kitu, nenda tu. Naogopa, mwanangu.

Mama yako mdogo

Gisenyi, 9 Machi 2024

Akaliza,

Salamu zitangoja. Jean de Dieu amerudi na maziwa tu, bila wewe, na simu yako na ya Sano hazipatikani. Anatangulia na karatasi hii. Mimi nakuja nyuma kwa gari la jirani, na magoti yangu.

Mama mdogo

Mudende, 5 Mei 2024

Mama mdogo,

Shikamoo. Umelalaje, na wale dagaa wa sambaza umepata sokoni? Huku mvua haikatiki. Mtoto ananyonya mpaka anatoka jasho.

Karatasi yako ya mwisho tuliikuta chini ya mlango tuliporudi. Ulikaa nami wodini siku kumi na mbili, na sikukuambia neno. Nakuambia sasa.

Namba za kweli zilikuwa kumi na nne, kumi na tano. Niliziona na nikaandika nyingine. Nilidhani anayelazwa na mimba yenye presha hutoka maiti, kama mama. Jean de Dieu nilimrudisha kwa aibu. Kesho yake niliamka kichwa kinapasuka, nikakaa juu ya gunia la viazi, nikaisoma barua yako mara ya pili. Sano akanipeleka kituo cha afya: kumi na saba kwa kumi na moja. Ndipo gari la wagonjwa likanishusha hospitali ya huko kwenu Gisenyi.

Kabla hujafika alikuwepo muuguzi Pulchérie. Ile dawa ya kuzuia kifafa iliniunguza mshipani kama pilipili, naye hakuniacha. Kila saa alinigonga goti kwa kale kanyundo, akahesabu pumzi zangu, akapima mkojo. Akasema zamani kulikuwa na mama mmoja pale mkali, aliyewagombeza wote wanaoacha kipimo mkobani. Nikajua ni wewe. Miaka thelathini, mama mdogo. Umekitoa mara ngapi? Mimi nimekusamehe, na naamini mama naye alikusamehe.

Jana nikimwogesha mtoto, pete ilitoka yenyewe ndani ya beseni. Nikaivaa tena.

Muuguzi alisema niendelee kupima. Juzi kumi na tatu kwa tisa. Jana kumi na mbili kwa tisa. Leo kumi na tatu kwa nane. Angalia, hazifanani.

Mwanao,
Mama Nziza